Kung'oa Nanga

Mwanangu mpenzi,

Sisi huku Mombasa wazima, na mamako akusalimu sana. Umeniuliza mbona huko redioni mwasema ligi "imeng'oa nanga" inapoanza, hali mwenzako kazini ashikilia kuwa kung'oa nanga ni kuondoka, kwa hivyo maana yake iwe kumalizika.

Mwenzako amesimama pwani. Aliye pwani huona chombo kinakwenda zake. Aliye chomboni huona safari inaanza. Na msemo huu ni wa waliokuwa chomboni.

Lakini litazame neno lenyewe. Hatusemi kuinua nanga, twasema kuing'oa, kama jino, kama mti wenye mizizi. Nanga ya jahazi ina mikono minne, na ikifika chini hujizika matopeni. Ukivuta amari, yaani kamba ya nanga, ikiwa mshazari, waizidisha kujichimbia, kwani ndivyo ilivyoundwa. Ujanani mwangu tulikuwa tukiishika amari na kukivuta chombo chenyewe mbele, polepole, hadi amari isimame wima juu ya nanga. Hapo ndipo huachia. Viganja vyawaka moto, na safari haijaanza hata kidogo! Tanga hutwekwa baadaye.

Pale Bandari ya Kale, karibu na Fort Jesus, majahazi ya Arabuni yaliyoletwa na kaskazi yalikuwa yakingoja hadi pepo za kusi zianze, kuanzia Aprili, ndipo yarudi kwao. Nanga iliyolala muda wote huo haitoki kwa mvuto mmoja.

Ndiyo maana nalipenda neno hili kwa ligi. Wachezaji wametoka jasho mazoezini wiki nyingi kabla ya filimbi ya kwanza. Kikao cha ofisini, mwanangu, kimeanza tu. Usikipe jasho kisilolitoa.

Kutia nanga nako ni vivyo hivyo. Mtu akihamia mji, akaoa, akajenga, twasema ametia nanga, kwa sababu sasa kumtoa hapo ni kazi. Mgeni wa siku mbili hajatia nanga.

Na feri ya Likoni, nakusihi, usiseme imeng'oa nanga. Ile hufika ukingoni ikateremsha mlango wake, watu na magari wakashuka, wengine wakapanda, ikarudi ng'ambo. Haikutia nanga, itang'oa nini?

Babako