Maswali na Majibu: Antibiotiki na mishipa inayolisha saratani

Shikamoo daktari. Mama ana uvimbe kwenye titi. Nimesoma kuwa doksisaiklini, ile antibiotiki, huzuia mishipa ya damu inayolisha saratani. Nimnunulie dozi ya siku ngapi?

Marahaba. Usimnunulie hata kidonge kimoja. Mpeleke hospitali wiki hii, uvimbe uchukuliwe kinyama kikapimwe. Ni kweli uvimbe wa saratani haukui kupita milimita 1 au 2 hivi bila kuota mishipa yake ya damu. Hoja hiyo aliijenga daktari wa upasuaji Judah Folkman mwaka 1971. Ni kweli pia kwamba doksisaiklini huzuia baadhi ya vimeng'enya vinavyoipasulia njia mishipa hiyo. Lakini kuonekana maabara si kutibu mgonjwa. Wanaokuja na uvimbe uliokwisha kupasuka, wengi walianzia duka la dawa.

Hakuna antibiotiki iliyowahi kujaribiwa kwa njia hiyo?

Ipo. Mwaka 1985, katika maabara ya Folkman huko Boston, fangasi iliingia kwenye chombo cha seli za mishipa ya damu. Mtafiti Donald Ingber aliona seli zilizo karibu na fangasi zimejikunja, hazikui, wala hazijafa. Hakukitupa chombo. Fangasi ile ilikuwa ikitoa fumajilini, antibiotiki ambayo wafuga nyuki huitumia dhidi ya nosema, ugonjwa wa nyuki. Kutokana nayo ikaundwa dawa ya TNP-470, ikatangazwa mwaka 1990. Ilipofika kwa wagonjwa ikasumbua ubongo na mishipa ya fahamu, na haikupata kibali. Kilichopata kibali Marekani, mwaka 2004, ni bevasizumabu, dawa ya kuzuia mishipa hiyo ambayo si antibiotiki, na ilianza kutumika pamoja na kemo (dawa za kuua seli za saratani) kwa saratani ya utumbo mpana.

Mbona doksorubisini ya kemo huitwa antibiotiki?

Kwa sababu hutokana na bakteria wa udongoni. Huua seli na inaweza kuudhuru moyo, ndiyo maana hutolewa hospitali tu.

Doksisaiklini naweza kuinywa na maziwa?

Afadhali maji; maziwa yanaweza kupunguza kidogo kufyonzwa kwake. Na nani kakuandikia?

Nina amoksilini iliyobaki, nimpe baba mwenye saratani akipata homa?

Nimelijibu mara nyingi mno. Hapana! Mgonjwa wa kemo akipata homa ni dharura, awahishwe hospitali hata usiku wa manane.

Baba anachomwa bevasizumabu, anataka kung'oa jino.

Asing'oe kabla ya kuzungumza na daktari wake wa saratani. Dawa hiyo huchelewesha kidonda kupona; kwa upasuaji mkubwa husimamishwa angalau siku 28 kabla.