Kompyuta thelathini, nywila moja

SWALI: Ninasimamia maabara ya kompyuta katika idara ya takwimu ya chuo kikuu. Kompyuta zetu 30 za Windows 10 hufunguliwa kwa akaunti moja ya msimamizi, na nywila yake imebandikwa ukutani. Wiki iliyopita mwanafunzi wa uzamili alikuta data za utafiti wake zimefutwa, na hatukuweza kumtambua aliyezifuta. Wahadhiri nao wananitaka niweke nakala iliyochakachuliwa ya SPSS, programu ya takwimu ya kulipia. Nianzie wapi?

JIBU: Ndugu msimamizi, kwanza izime kompyuta iliyofutiwa data na mtu yeyote asiiguse. Ikiwa ina diski kuu ya aina ya zamani, ile inayozunguka, faili lililofutwa hubaki humo hadi jingine liandikwe juu yake, hivyo fundi anaweza kulirejesha. Ikiwa ni SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, matumaini ni madogo.

Kisha bandua karatasi hiyo leo hii. Akaunti ya wote haina mwenyewe: kumbukumbu za mfumo huandika jina lile lile, awe ameingia mhadhiri au mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na kirusi kinachotoka kwenye flashi ya yeyote kati yao kinaweza kupata madaraka yote ya msimamizi. Mpe kila mtumiaji akaunti yake ya kawaida, nawe uwe na mbili, moja ya kazi za kila siku na nyingine utakayoifungua pale tu unapoweka programu au kubadili mipangilio. Usizunguke mashine moja moja ukitengeneza akaunti. Ziunganishe zote na seva moja, kwa Active Directory, mfumo wa Microsoft wa kusimamia akaunti, ikiwa chuo kina leseni, au kwa Samba, ambayo ni ya bure. Omba orodha ya waliosajiliwa kila muhula, ili wanaohitimu wapewe muda wa kuhamisha kazi zao kabla ya akaunti kufungwa. Seva hiyo ihifadhi pia nakala za faili kila usiku, na nakala nyingine ikae kwenye diski isiyoachwa imechomekwa.

Masahihisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine zisizoweza kupokea Windows 11 ziwekee Ubuntu, mfumo endeshi wa bure, badala ya kuziacha wazi, kwa maana WannaCry, programu haribifu iliyovuruga hospitali za Uingereza mwezi Mei 2017, ilipita kwenye tundu ambalo Microsoft ilikuwa imeliziba tangu Machi. Walioumia ni wale ambao hawakuwa wamesasisha.

Ombi la SPSS likatae kwa maandishi, kwa heshima, ukimnakili mkuu wa idara, kwa kuwa anayeivunja leseni mara nyingi hupachika humo kirusi chake. Wahadhiri waonyeshe PSPP, inayofungua mafaili ya SPSS bila malipo, pamoja na R, programu nyingine ya takwimu ya bure. Hiyo ya pili ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman, walimu wa takwimu katika Chuo Kikuu cha Auckland, waliotaka programu ya kufundishia katika maabara ya idara yao, mahali kama hapo ulipo wewe.