Shore wa uani, picha ya mwisho kwenye bahasha

"Shikamoo dada. Nina kamera ndogo, hela ya kwenda mbugani sina. Ndege nitawapigia picha wapi?"

Ujumbe huo uliniingia Jumapili usiku, umetoka kwa kijana wa Mbagala. Marahaba, mdogo wangu. Nilikujibu mistari miwili, kisha usingizi ukagoma, maana swali lako lilikuwa langu miaka mitatu iliyopita.

Nianze na furaha yangu. Wiki iliyopita nimeuza picha ya shore. Ndiyo, shore, wengine humwita shorewanda, huyu huyu anayetuamsha alfajiri hapa Dar: kichwa cheusi chenye kishungi kidogo, mgongo wa rangi ya udongo, na chini ya mkia njano ya embe bivu. Imechapwa upana wa mita moja, imetundikwa sebuleni kwa watu. Aliyeinunua ameniambia huitazama kila anapokunywa chai. Nimeyarudia maneno hayo moyoni mara nyingi kuliko hela aliyonilipa.

Niliipiga Ukonga, uani tulipopanga. Mama mwenye nyumba ana desturi ya kuchomeka kipande cha papai kwenye tawi la mkomamanga. "La ndege," husema, basi. Wiki nzima nilikuwa namkimbiza shore mti kwa mti na lenzi ya milimita 300, ya kuvuta vilivyo mbali, niliyonunua mtumba Kariakoo, na kila picha ilitoka mbaya kwa namna ile ile: ndege juu, anga jeupe nyuma yake, kichwa doa jeusi. Jicho la shore ni jeusi ndani ya manyoya meusi. Mwanga usipoliangukia kwa mbele, huna ndege, una kivuli chenye mkia.

Siku ya nane nikaacha kumkimbiza. Nikaweka kigoda mita nne kutoka kwenye lile papai, jua likiwa mgongoni kwangu, kamera usawa wa tawi ili anga lisiingie kabisa. Nyuma ya mkomamanga, kama mita sita, kulikuwa na kamba ya nguo. Nikamwomba mama asianue kanga yake ya buluu mpaka nimalize. Kwa umbali ule, na apacha, yaani tundu la lenzi, ya f/5.6, kanga ilipoteza maua na maandishi yake yote, ikabaki buluu tupu. Sikugusa chochote tena. Nikasubiri.

Jua la kwetu halina subira. Linatoka mapema na kupanda wima, na ikifika saa mbili asubuhi mwanga ushakuwa mkali, njano inapauka, kivuli kinakaza chini ya macho. Una saa moja hivi. Asubuhi ya tatu akaja, akadonoa papai, akanigeuzia ubavu, kisha akazungusha shingo kutazama kunguru aliyetua kwenye bati. Shata, kasi ya kufunguka na kufunga kwa kamera, 1/800 ya sekunde, picha moja. Cheche ndogo ya jua imo jichoni mwake, na ile njano imekaa juu ya buluu.

Nikaipeleka kwenye ukumbi mmoja mjini uliokuwa unakusanya kazi za maonyesho, pamoja na nyingine kumi na moja. Msimamizi alizipitia kama anayehesabu noti. "Dada, hawa wamejaa kila mti. Watu wanataka simba." Mbili za mwisho hakuzitoa hata kwenye bahasha. Iliyonunuliwa wiki iliyopita ni mojawapo ya hizo mbili. Bado inaniuma, nisikudanganye.

Na nilimwamini. Akiba ya kazi za harusi ikaishia mbugani Mikumi, siku mbili, na simba niliyemwona alikuwa mbali, amelala. Niliporudi nilikuwa na hasira, nataka picha ya kumnyamazisha yule bwana. Shore walikuwa wamejenga kikombe chao cha nyasi ndani ya michongoma ya uani, makinda mawili. Nikakata matawi mawili ili mwanga uingie. Nikaipata: midomo wazi, myekundu, mama yao ameinama. Jioni nikaenda harusini. Kesho yake kiota kilikuwa kitupu, na kunguru wawili wametulia juu ya ukuta.

Hawa kunguru wa shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, wakaenea hadi huku bara, na kila siku tunawalaumu kwa kumaliza ndege wadogo wa Dar. Lakini siku ile mlango niliwafungulia mimi. Picha ile sijawahi kumwonyesha mtu.

Kwa hiyo sikia, mdogo wangu. Kiota kiache. Wala usimwite ndege kwa sauti iliyorekodiwa kwenye simu. Anadhani amevamiwa, anaacha kula na kulisha ili apigane na hewa. Chagua mahali, chagua mwanga, chagua cha nyuma, halafu keti usubiri. Kamera yako ndogo iweke juu ya tofali karibu na tunda, iache siku mbili aizoee, na kama ina waifai iamrishe kwa simu ukiwa ndani. Au mwache awe mdogo ndani ya picha kubwa: bati lenye kutu, waya wa umeme, yeye juu yake. Usikope hela kwa ajili ya simba. Sisi wapiga picha wa mji huu tumefundishwa kudharau kilicho mlangoni, na tunaendelea kufundishana. Keti. Subiri. Ukichoka, subiri tena.

Leo alfajiri nimemwona mmoja akipita na unyasi mdomoni kuelekea kwenye michongoma. Kigoda changu nimekigeuza, kinatazama mkomamanga.