Pima Mkono Kabla ya Kuchora Uso: Kwa Mnaoanza Kujenga Vikaragosi

Kuna kijana kaleta sungura karakanani. Masikio yamesimama, koti la kitenge limeshonwa vizuri kuliko ninaloshona mimi, macho yana kope. Nikamwuliza, mkono unaingilia wapi? Akamgeuza, akamchungulia chini, akanitazama. Tundu hakuna. Alikuwa ameshona mwanasesere.

Nilicheka, lakini si sana, maana kabla yake mwenzake aliniletea twiga wa namna hiyohiyo. Kila kundi jipya linaloingia kujenga wahusika wa vipindi vya watoto linatumbukia shimo lilelile, na mimi sauti imenikauka. Basi nayaandika, myasome mnaposubiri gundi ishike. Sponji, flisi (kile kitambaa laini chenye manyoya mafupi) na kibao cha mdomo (bapa la ndani linalofungua na kufunga mdomo) mnavijua. Sirudi kwenye a, e, i, o, u.

1. Pima mkono kwanza. Mkono wa nani? Wa atakayekichezesha, si wako. Kama mchezeshaji hajapatikana, shona nguo, tengeneza viatu, fanya chochote, ila kibao cha mdomo usikiguse. Mimi vibao vyangu nakata kwenye jerikeni kuukuu la manjano: vipande viwili, bawaba ya tyubu ya baiskeli, lastiki ya vidole vinne juu na ya kidole gumba chini. Kidole gumba kikiteleza, mhusika wako ni bubu. Kisha mpe mchezeshaji kichwa cha sponji tupu, hakina macho wala nywele, aseme nacho maneno mawili matatu. Kikikuchekesha hivyo kilivyo, endelea. Kisipokuchekesha, kope hazitakiokoa.

2. Mkono una mwisho wake. Hapa nitakaa, kwa sababu hili nimelilipia.

Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, sisi tunaokizungumza hapa Kampala tuligundua ghafla kwamba tuna bidhaa. Nikapata kazi ya kipindi cha kufundisha watoto wadogo salamu na kuhesabu. Wenye kipindi walitaka mhusika mkuu awe korongo taji. Nani angekataa? Ndege huyo yuko katikati ya bendera yetu ya Uganda tangu 1962, kainua mguu mmoja, na hakuna mtoto wa shule asiyemjua.

Nilimchora usiku kucha. Taji la dhahabu, paji jeusi la mahameli, shavu jeupe, kifuko chekundu kooni. Sasa, mdomo wa korongo taji wa kweli si mrefu. Ukimweka na korongo wengine, wake ni mfupi. Mimi niliurefusha. Kwa nini? Kwa sababu kwenye karatasi ulipendeza. Sababu nyingine nimeitafuta sijaipata.

Nikataka ung'ae, kwa hiyo sponji nikaiona ya kitoto. Niliuchonga kwa mti laini, nikaupaka ile fila ya mafundi wa bodi za magari, nikapiga msasa, nikapulizia rangi ya gari. Watu walikuwa wanaingia karakanani kuupapasa tu. Ungeweza pia kumpasua mtu kichwa nao, na hilo peke yake lingetosha kunizindua.

Mnajua uzito ulivyo mjanja. Kitu kikikaa mbali na kifundo cha mkono kinavuta kuliko kinavyosema mizani. Na mchezeshaji wa televisheni hanyooshi mkono mbele yake kama anayesalimia. Anaupeleka juu ya kichwa, amepiga magoti au amejikunja nyuma ya meza, macho kwenye monita. Shingo ya korongo ndiyo mkono wake. Binti aliyekuwa anamchezesha alishinda ameinua vyote hivyo, mti, fila na majivuno yangu, na huku anatakiwa atoe sauti ya furaha.

Kuna na la pili. Mdomo mrefu ukiufungua kidogo tu kwenye bawaba, kule nchani unaachama. "Karibuni" ikawa Ka! Ri! Bu! Ni! Ndege wa taifa alikuwa anawafokea watoto wa taifa. Tulipowaonyesha watoto wa jirani kipande cha kwanza, mmoja aliuliza ndege kakasirishwa na nani. Nikasema hilo ni suala la uchezeshaji. Nililisema binti akiwa pale pale.

Hakujibu. Kila kamera ikizimwa nilimwuliza, "Uko sawa?" Naye, "Niko sawa, mzee." Angesema nini? Mimi ndiye niliyemwita kwenye kazi, umri wangu ni wa baba yake, na nilikuwa nimesimama palepale nakisifia kichwa. Alikuwa amevuta kreti ya soda, anaegemeza kiwiko juu yake kila akipata nafasi. Kreti niliiona. Nikadhani anapumzika.

Ilipofika saa kumi jioni hakuweza kushika kikombe cha chai. Mwenzake alimshikia akanywa. Kesho yake bega halikunyanyuka. Kazi ikasimama, na studio, taa na kamera zote zilikuwa za kukodi kwa siku. Sehemu ya hasara niliitoa mfukoni mwangu, ikaniuma kiasi. Iliyoniuma hasa ni kwamba yeye ndiye aliyekuja kuniomba msamaha. Yeye, kwangu.

Kichwa cha pili nilikijenga akiwa ameketi mbele yangu, mkono wake ndani, nikikata na kumwuliza, nikikata na kumwuliza. Sponji tupu, mdomo mfupi kama alioumbiwa ndege mwenyewe, kichwa kizima chini ya nusu kilo. Taji nalo lilibadilika. La kwanza lilikuwa la nyuzi za katani nilizozitia rangi ya dhahabu. Mbele ya pazia la kijani, lile ambalo kompyuta huliondoa na kuweka picha nyingine, kompyuta haikuweza kuzitenganisha na pazia, kichwa kikawa na ukungu wa kijani unaotetemeka. La pili ni vipande vichache vinene vya sponji, mkasi tu, na hakuna mtoto aliyelalamika kwamba si taji. Ule mdomo wa fila ninao bado. Unazuia mlango wa karakana usibamizwe na upepo.

Kwa hiyo usimwulize mchezeshaji kama yuko sawa. Mwambie, "Nionyeshe panapouma." Na kama umemzidi umri, kaa ukijua kwamba "niko sawa, mzee" ni adabu tu.

3. Flisi. Wahi soko la Owino asubuhi marobota yanapofunguliwa, tafuta majaketi na mablanketi makubwa ya mivumba, yaani mitumba, na uvute kitambaa kwa mikono miwili kabla ya kuuliza bei: kinakovutika zaidi ndiko kuzunguke kichwa. Msione haya na mivumba. Mwaka 1955 Jim Henson wa Marekani alimtengeneza Kermit wa kwanza, kikaragosi wake maarufu, kwa koti kuukuu la mama yake na mpira wa ping-pong uliokatwa nusu mbili.

Shida yetu ni rangi. Majaketi hayo yalishonewa watu wa baridi, kwa hiyo utapata buluu, kijivu na waridi hadi uchoke, lakini kahawia nzuri ya ngozi ya mtoto wa Kampala utaitafuta hadi jua lizame. Kila mwaka kuna mwerevu anayeamua kuchemsha flisi nyeupe na rangi ya unga ya sokoni. Flisi ni poliesta, na ile rangi ni ya pamba. Itashika kidogo, itakaa madoadoa, halafu itahamia kwenye mikono ya mchezeshaji na shati la mgeni wa kipindi. Ukiona kahawia nzuri, nunua yote, hata kama huna kazi nayo. Mimi nimewahi kumfuata mama mmoja kwenye taksi hadi Nakawa nikimbembeleza aniuzie blanketi alilokuwa ametoka kununua. Aliniuzia, kwa bei ambayo bado ananicheka nayo.

4. Macho yabandike kwa pini kwanza, usimamishe simu mita mbili mbele, utazame kupitia kamera. Ukisawazisha mboni katikati kabisa, mhusika anakuwa kama kaona jini. Zisogeze kidogo kuelekea puani, ghafla anamtazama mtu. Don Sahlin, fundi aliyemjengea Henson wahusika wengi, alikuwa anahangaikia ile pembetatu ya macho na pua kuliko kitu kingine, na mimi namwamini. Mboni ziwe za felti, kwa maana plastiki inarudisha taa za studio. Huo ndio ushauri wenye faida kuliko yote humu na umemalizika.

5. Mdomo uende na silabi. Mliojifunza kwa kutazama vipindi vya Kiingereza mnafungulia silabi yenye mkazo na nyingine mnazimeza. Kiswahili kitawaumbua. Irabu zetu zinasikika zote, na mtoto wa Kampala anayejifunza lugha anazitafuta pale mdomoni. Fungua kwa kila irabu. Ila sema "mtoto" polepole mbele ya kioo: silabi tatu, midomo inafunguka mara mbili, kwa sababu ile m ya mwanzo unaitamka umefumba. Mchezeshaji akiifungulia, mtazamaji hatajua kosa ni nini, lakini ataona kuna kitu. Na taya ndiyo inayoshuka, yaani kidole gumba. Ukirusha vidole vya juu, mhusika anaongea na dari.

Hili linamhusu mjenzi pia. Ukijaza sponji ngumu kwenye taya ya chini kwa sababu unataka kidevu cha mviringo, kidole gumba hakitashuka, na baadaye utasema ni suala la uchezeshaji. Nimeshawaeleza mwisho wa sentensi hiyo.

6. Lubugo. Mgeni yeyote akifika kwetu na kuona kile kitambaa cha gome la mti wa mutuba anawaka: rangi ya udongo, kina historia, UNESCO ilikitambua mwaka 2005. Vijana nao wanawaka. Mmoja alinitengenezea bibi wa hadithi, akamvika lubugo toka kichwani hadi miguuni, kazi safi kabisa. Dereva wetu, mzee wa Kiganda, alifungua buti ya gari, akamwona bibi kalala chali na lubugo lake, akafunga buti. Akasema yeye hasafirishi hiyo. Kijana akadhani mzee anaogopa vikaragosi. Jamani, Buganda lubugo ndilo linalofunga maiti. Linavaliwa pia kwenye sherehe za heshima, ndiyo, lakini ukimfunika mtu toka juu mpaka chini na kumlaza, umemzika. Tulimvua, tukamshonea gomesi, lile gauni la wanawake wa Kiganda, ya waridi yenye mkanda mkubwa kiunoni, na lubugo likawa mkeka anaokalia. Dereva alimfungulia mlango wa mbele.

Na kabla hujachagua mnyama wa kuwa mwizi wa hadithi, kumbuka miziro ya koo za Buganda, wale wanyama ambao ni mwiko na alama ya ukoo: chui, fumbe (fungo), kima, panzi, kila mmoja ana ukoo wake, na watoto wa ukoo huo wanatazama. Mimi wezi wangu siku hizi ni soksi.

7. Mengine hayahitaji hadithi. Sponji kata kwa wembe mpya au kisu cha mkate, kwa mvuto mmoja. Gundi ya viatu pakaza pande zote mbili, ngoja ikauke hadi isinate kidoleni, ndipo ukutanishe. Na fungua madirisha, kichwa kikianza kukuuma si uchovu. Fimbo za mikono ni spoku za baiskeli zilizopakwa rangi nyeusi isiyong'aa. Mshono wa usoni uufiche kwa kuchana manyoya ya flisi juu yake kwa sindano. Ndani weka soksi ya pamba inayotoka, ifuliwe kila jioni, maana mkono unatoka jasho na sponji haifuliki vizuri. Usiache kichwa juani dirishani. Sponji inageuka njano, halafu inakuwa unga. Tundika, usilundike, na mfuko uwe wa kitambaa kinachopitisha hewa, ufungwe juu kwa sababu ya panya.

Patani zako, yaani vielelezo vya kukatia, chora kwenye karatasi ngumu ya manila, andika jina la mhusika, upande wa mvuto wa kitambaa na tarehe. Siku mhusika akisahaulika kwenye boda, na atasahaulika, hutaanza kukisia pua yake ilikuwaje.

8. Pesa. Mkataba uandike vichwa viwili kwa kila mhusika mkuu, cha kazi na cha akiba, na bei ya ukarabati iwe mstari wake peke yake. Wenye kipindi watakwambia kikaragosi hakiugui. Waonyeshe shavu la kikaragosi kilichotoka ziara ya shule za msingi, pale watoto walipokibusu wakiwa na mafuta ya rolex, zile chapati za kukunjia mayai, midomoni, halafu mnyamaze hadi watie saini. Malipo ya awali yaje kabla ya kukata flisi. Na siku ya kwanza ya kupiga picha uwepo studio, na sindano, uzi wa rangi zote za wahusika na gundi, hata kama hawakukuita na hata kama watakuambia chakula chako hakimo kwenye hesabu. Beba chako.