Kunguni hawajaizoea dawa, wamechujwa

Ndugu, umesema umepuliza dawa ileile ya jamii ya pairethroidi kwa miezi mitatu, ukazidisha na kipimo, na kunguni ndiyo kwanza wanaongezeka. Hapo hakuna kunguni aliyejifunza kuivumilia. Tangu mwanzo wachache walizaliwa na tofauti ndogo kwenye jeni: pale dawa inaposhika katika neva zao pamebadilika, au ganda lao ni nene zaidi. Wenzao walikufa, wao wakabaki kutaga, na watoto wakarithi. Huo ndio uteuzi asilia, na mchujaji ni wewe mwenyewe.

Acha kuzidisha kipimo. Utajidhuru wewe kabla yao. Fua matandiko kwa maji ya nyuzi 60, kisha pitisha mvuke polepole (ukiharakisha joto haliingii ndani) kwenye mishono ya godoro na nyufa za kitanda. Joto huua hata wale sugu, pamoja na mayai. Rudia baada ya wiki 2, kwa ajili ya mayai yaliyokwepa. Ukitaka dawa, soma kiambato, uchague cha kundi jingine. Kubadili chapa tu ni bure. Wakishaingia ukutani, ita mtaalamu wa kuua wadudu.