Land Rover ya marehemu baba: rangi, kilo au iuzwe ilivyo?

*Shangazi, shikamoo. Baba alifariki mwaka jana akatuachia Land Rover 109 pikapu, Series III ya petroli, imesimama uani miaka mingi. Kaka anataka kuiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mume wangu anasema tukope, tuipige rangi, ndiyo tupate bei. Nimebanwa katikati. – Kifungua mimba, Moshi*

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Wote wawili watawatia hasara, ila ya mumeo ina riba juu yake.

Mnunuzi wa 109 haangalii rangi, anaingia uvunguni na bisibisi. Bodi ni ya aluminiamu, hailiwi na kutu kama chuma. Kinachooza ni chesisi, yaani fremu ya chuma ya chini, hasa ile boriti ya nyuma kabisa, na ukuta wa chuma unaotenga injini na miguu ya dereva. Hapo ndipo atachokonoa. Akikuta rangi mbichi atajua kuna kilichofichwa, na bei itashuka hapo hapo. Kwa hiyo osheni tope, mpige picha matundu yenyewe, mchana kweupe. Pigeni picha na namba ya chesisi, iliyogongwa mbele kulia karibu na springi. Isipolingana na kadi ya gari, malizeni hilo kwanza.

Pesa kidogo mliyonayo iende kwenye injini. Land Rover inayowaka, hata kwa moshi, haina bei moja na iliyokufa. Ila mtu asiishtue kwa betri! Ringi za pistoni zikiwa zimeshika kutu, zitavunjika au zikwangue silinda. Fundi afungue plagi zote nne, amimine kijiko cha oili kila tundu, ailaze usiku kucha, kisha aizungushe taratibu kwa hendeli ya mbele. Ikizunguka, amwage petroli ya zamani, maana huganda na kuziba kabureta. Pointi za distribyuta, vile vibati vinavyopeleka cheche kwenye plagi, azisugue kwa msasa laini na aziachie uwazi wa milimita 0.4. Oili mpya ni karibu lita 7 pamoja na filta. Breki msiziamini: mipira ya ndani ya silinda hukauka, kwa hiyo gari lisitoke getini kwa majaribio.

Na msiuze kipande kipande. Leo atakuja anayetaka gia boksi tu, kesho wa milango, mwishowe mtabaki na hicho chuma cha kaka.

Kaka mwenyewe mwambie hivi: gari bado ni la marehemu. Mahakama isipoteua msimamizi wa mirathi, hakuna kati yenu mwenye mamlaka ya kuliuza. Msimamizi ndiye asaini mkataba wa mauziano mbele ya wakili, fedha ziingie benki, ndipo kadi itolewe na umiliki uhamishwe Mamlaka ya Mapato, TRA. Likiendelea kutembea kwa jina la baba, faini za trafiki zitawafuata nyinyi.

Wanunuzi mnao jirani. Arusha, palipofanyika tamasha la Land Rover Oktoba 2024, kuna watu wanaolijua gari hili kuliko dalali yeyote wa mtaani kwenu. Tangazeni huko, mtaje matundu yote, na arbuni msipokee kabla ya barua ya mahakama ya kumteua msimamizi.