Mficha uchi hazai, nawe umejifunika gubigubi

*Shangazi, shikamoo. Nina umri wa miaka 36, mke wangu ana miaka 31, tunaishi Morogoro. Tumeoana miaka 4 na hatuna mtoto. Mwaka jana alipata mimba iliyotunga nje ya kizazi, akapasuliwa na mrija mmoja ukaondolewa. Daktari alisema mirija yake ina makovu, naye akakiri mbele yangu kwamba aliwahi kutibiwa klamidia, ule ugonjwa wa zinaa, akiwa chuoni. Tangu siku hiyo ninalala sebuleni. Ujana wangu mimi ulikuwa wa kawaida tu. Nilipokuwa migodini Geita nilichomwa sindano za UTI mara 2 kwenye duka la dawa, mkojo ukiniunguza na nguo ya ndani ikichafuka, nikapona. Mama yangu, niliyetegemea aniunge mkono, ameniuliza kama mimi nimepimwa, jambo lililoniumiza sana. Je, nina haki ya kuoa mke mwingine?*

Marahaba, mwanangu. Poleni kwa mimba mliyoipoteza, ingawa nimeisoma barua yako mara 3 na sijaona mahali ulipomwambia pole huyo aliyepasuliwa.

Tuanze na hizo sindano zako za Geita, ambazo umezipitisha katikati ya sentensi kama mtu anayepitisha mzigo wa magendo usiku. Kijana wa kiume mwenye afya anapokojoa kwa maumivu na nguo yake ya ndani ikachafuka, mara nyingi hiyo si UTI, bali ni kisonono, au klamidia, au yote mawili kwa pamoja. Sindano ya kubahatisha dukani, bila kipimo, yaweza kunyamazisha ugonjwa mmoja na kuuacha mwingine ukiendelea kimyakimya, na mtu akatembea nao muda mrefu akijiona mzima. Mkeo alipimwa, akajua jina la ugonjwa wake, akatibiwa, kisha akalitaja mbele ya daktari na mbele yako. Wewe uliupa wako jina la heshima ukarudi kazini. Sasa niambie, kati yenu ni nani aliyeficha?

Unaandika kana kwamba makovu ya mirija yameandikwa tarehe. Hayana. Klamidia kwa wanawake wengi haina dalili yoyote: hakuna maumivu, hakuna uchafu wa kumshtua mtu, huku wadudu wake wakipanda kutoka mlango wa kizazi hadi kwenye mirija na kuacha makovu yanayoubana au kuuziba mrija. Yai lililokwisha kurutubishwa likikwama hapo, mimba hutunga mahali pasipoweza kuilea, ndiyo hayo yaliyomkuta mwenzako na yangeweza kumuua. Huenda makovu hayo ni ya chuoni. Huenda ni ya baada ya ndoa, kwa maambukizi uliyomletea wewe mwenyewe bila kujua. Hakuna daktari atakayeweza kukuapia ni lipi kati ya hayo, nami siwezi kukubali umhukumu mwanamke kwa ushahidi ambao ungekutia hatiani wewe pia. Mkuki kwa nguruwe, mwanangu.

Mke mwingine? Hata bila kufika kwa shehe wala wakili, akili ya kawaida inatosha hapa. Maambukizi ya zinaa humharibu mwanamume vilevile, kwani yanaweza kuvimbisha na kuziba njia zinazopitisha mbegu. Kama tatizo liko kwako, huyo wa pili naye atakaa miaka 4 bila mtoto. Na kama bado umebeba wadudu, utakuwa umempelekea mahari pamoja na ugonjwa.

Mama yako nampa heshima zake zote. Ni mama wakwe wangapi katika nchi hii wanaoanza kwa kumuuliza mwana wao wa kiume? Siku hizi tunachangishana kwa ajili ya kitchen party, send-off na harusi yenyewe, kamati inakaa miezi, na wachumba wakishapata majibu ya VVU hujiona wamekaguliwa kila kitu, ilhali kipimo kile hakisemi neno lolote kuhusu klamidia, kisonono wala kaswende. Mama yako, ambaye pengine hakuyasomea haya, ameuliza swali ambalo kamati nzima ya harusi yenu haikuliuliza.

Mrija mmoja kuondolewa hakumfanyi mwanamke kuwa tasa. Mrija uliobaki ukiwa wazi, anaweza kushika mimba, na uwazi wake hujulikana kwa picha ya eksirei inayopigwa baada ya kuingizwa dawa maalumu kwenye kizazi. Ukiwa umeziba, daktari atawaeleza njia nyingine. Antibayotiki huua wadudu lakini haifuti kovu, na hizo dawa za kusafisha kizazi zinazotembezwa kwenye simu zenu hazifuti chochote isipokuwa akiba, kwa hiyo usimnunulie hata kwa nia njema. Akishika mimba tena, asingoje kliniki ya miezi 3 au 4: aende mapema, karibu na wiki ya 6, apigwe ultrasaundi ionekane imetunga wapi, kwa sababu aliyewahi kupata mimba ya nje yumo katika hatari ya kuipata tena. Akiona damu, au maumivu makali ya upande mmoja, au kizunguzungu, ni hospitali saa ileile. Apimwe kaswende pia, maana hiyo humfikia mtoto tumboni na yaweza kumuua kabla hajazaliwa, na tiba yake ni sindano ya penisilini.

Wewe nenda hospitali wiki hii, umtajie daktari Geita na zile sindano 2 bila kupunguza neno. Upimwe maambukizi, upimwe na mbegu, na kwa kipimo hicho cha mbegu ukae bila tendo la ndoa siku 2 hadi 7 kabla ya kwenda. Mkikutwa na maambukizi, tibiwani wote wawili kwa wakati mmoja na msikutane mpaka daktari awaruhusu, la sivyo mtarudishiana ugonjwa kama sahani ya futari.

Godoro la sebuleni lirudishe chumbani leo, na kabla hujalala umpigie mama yako simu umwombe radhi.